Ruvuma haikuwa mpaka mpaka ilipofanywa mpaka

Ndugu Mhariri,

Kila Desemba inapokaribia, kurasa za maoni za magazeti yetu hujaa simulizi ile ile: mkoloni alitukuta makabila zaidi ya mia na ishirini, akatugawa ili atutawale, chama kikaja kikatuunganisha, Mwenge ukawashwa juu ya Kilimanjaro, tukaamka taifa. Wanafunzi huikariri, huiandika, hupata alama. Ila simulizi hiyo hukwama inapofika Newala au Tandahimba, mbele ya mtoto anayejua kwamba mdogo wake bibi yuko ng'ambo ya Ruvuma, anaongea Kimakonde kile kile, anacheza ngoma ile ile, na ni raia wa Msumbiji. Kama taifa ni makabila yaliyounganishwa, mbona kabila lake lilikatwa katikati?

Sisi tunaofundisha historia na uraia wilayani Masasi tunaona swali hilo halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa kwa kulieleza taifa kama fundi anavyoeleza mtumbwi: mti ulitoka wapi, ulichongwa na nani, kwa tezo gani, na maji yanaingilia wapi. Na kwa kuwa Historia ya Tanzania na Maadili sasa ni somo la lazima, tunaomba nafasi tuyaseme haya mapema, kabla mazoea ya kulifundisha hayajaota mizizi.

Tuanze na mto. Kabla ya mikataba, Ruvuma ilikuwa njia na chakula. Watu walilima mabonde yake pande zote mbili, na misafara ya Wayao ilishuka pwani ya Kilwa, Lindi na Mikindani bila kuulizwa imetoka upande gani. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zikakubaliana, huko huko Ulaya, kwamba mto huo uwe mwisho wa himaya ya mmoja na mwanzo wa himaya ya mwenzake. Hata hapo hawakuelewana vizuri. Kipande cha Kionga, kusini ya mlango wa mto, Wajerumani walikichukua 1894; Wareno wakakitwaa tena 1916 vita vikiendelea; na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia moja kwa moja. Watu wa Kionga walibaki pale pale na mashamba yao. Kilichohama ni bendera.

Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa kwenye uwanda wa Makonde, alimwandikia Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, barua ya Kiswahili mwaka 1890 kumkatalia: urafiki yuko tayari, kuwa chini yake hapana. Barua hiyo hutajwa kama uzalendo wa mwanzo. Tunaipenda, lakini isomwe vizuri. Machemba alitetea nchi yake, na nchi yake ilikuwa watu wake na njia zake za biashara. Wajerumani walipomzidi nguvu, 1899, alivuka mto akaingia upande wa Wareno, na kwake kule hakukuwa ugenini. Cha kushika kwenye barua ile ni lugha: Myao anamkatalia Mjerumani kwa Kiswahili, wakati hapajawa na mtu hata mmoja duniani aliyeitwa Mtanganyika. Jina hilo la nchi Waingereza walilitoa 1920, kutoka kwenye ziwa lililo upande wa pili kabisa.

Baada ya Machemba huja Maji Maji, na hapa vitabu huwa na haraka. Mwalimu ana vipindi viwili, basi husema watu walichoka kuonewa, wakaungana, wakashindwa kwa sababu maji hayakuzuia risasi. Sababu zenyewe zina vipimo. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 tangu 1898, na kadiri miaka ilivyokwenda ilidaiwa kwa fedha, kwa hiyo mtu alilazimika kutafuta kibarua au kuuza kitu. Kuanzia 1902 likaongezwa shamba la pamba la pamoja chini ya akida na jumbe, na mpango ulitaka mtu alifanyie kazi siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa mafungu matatu, na moja tu ndilo la waliolima. Anayejua kilimo cha Kusini anajua siku hizo 28 zilikuwa zipi: za palizi na za kuwinga ndege na nguruwe, wakati ule ule mtama na mpunga wa nyumbani unapohitaji mikono. Julai 1905, kule Nandete katika Milima ya Matumbi, watu wakang'oa pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa dawa ya maji, alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga.

Dawa ile ilifanya kazi moja ambayo bunduki isingeweza. Ilivuka ukoo. Mmatumbi, Mngindo, Mmwera, Mpogoro na Mngoni, ambao baadhi yao walikuwa na visa vya muda mrefu, walipewa kiapo kimoja na adui mmoja. Lakini hasira ilikuwa moja na amri zilikuwa nyingi. Kila eneo lilipigana kwa wakati wake, chini ya wakubwa wake. Wapo waliokataa kuingia, wapo waliokuwa upande wa serikali, na askari wengi waliotumwa kuzima vita walikuwa Waafrika. Kisha Wajerumani wakachoma ghala na mashamba, na njaa ikamaliza kilichobaki. Hesabu yao wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria hupanda hadi 250,000 na 300,000. Sehemu za Matumbi na Ungindo zilirudiwa na msitu.

Je, huo ulikuwa utaifa? Sisi tunasema haukuwa, na hatuwavunjii heshima waliokufa. Ulikuwa ukuni ambao taifa liliuokota baadaye. Desemba 1956 Julius Nyerere aliutaja Umoja wa Mataifa, New York, akieleza kwamba watu wale walipigana kwa kutokubali haki ya mgeni kuwatawala. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walisambaa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Baada ya hapo mtoto wa Bukoba au Musoma, ambaye babu yake hakuyanywa maji yale wala hakuyasikia, akaanza kusema "vita vyetu". Watu walikaa wakaifanya kazi hiyo, na si mbaya, kwa kuwa karibu kila nchi iliyotawaliwa imeifanya. Mwanafunzi aonyeshwe tu kwamba ilifanywa, na lini.

Jambo la lugha lina sehemu isiyopendeza masikioni. Tunasema Kiswahili kilituunganisha dhidi ya mkoloni, na ni kweli. Ila kabla ya hapo mkoloni alikuwa amekitumia kwa raha zake. Wajerumani waliendesha utawala wa maakida kwa Kiswahili: barua, stakabadhi za kodi, amri za barazani. Waingereza wakaanzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, na 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili kwa kufuata Kiunguja. Walitaka karani wa Lindi na karani wa Tabora waandike kwa namna moja. Wakapata walichotaka, pamoja na wasichokitaka: mwanasiasa wa Lindi na wa Tabora wakaweza kuhutubia umati wa mwenzake bila mkalimani.

Kiswahili kiliwezekana kwa sababu hakikuwa cha kabila kubwa. Wasukuma ndio wengi kuliko wote nchini. Lau Kisukuma kingewekwa kuwa lugha ya taifa, Wamwera na Wachaga wangekuwa wageni ndani ya nchi yao. Indonesia ilipita njia hiyo hiyo. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana wao waliapa nchi moja, watu wamoja, lugha moja, na lugha waliyoichagua ni Kimalay, iliyokuwa ya masoko na bandari. Kijava, lugha ya kabila lililo kubwa kupita yote, kiliachwa. Waliokuwa wengi walikubali kujifunza pamoja na waliokuwa wachache. India ilijaribu kukipa Kihindi nafasi hiyo, Kusini yao ikakataa, na hadi leo Kiingereza kinatumika pembeni yake katika kazi za serikali kuu.

Sasa sheria, ambayo kwenye vitabu vya shule hupita kama upepo. Mtu akiuliza kwa nini siasa za Kenya zilielemea kwenye makabila kuliko zetu, jibu la haraka ni tabia ya watu. Hebu aangalie daftari la usajili wa vyama. Wakati wa Mau Mau vyama vya Waafrika vya nchi nzima vilipigwa marufuku, na kuanzia 1955 Waingereza waliruhusu vyama vya wilaya tu, hadi 1960. Miaka mitano! Wilaya zenyewe zilikatwa karibu sawa na makabila. Kiongozi aliyetaka kufanya siasa alilazimika kuifanya nyumbani kwao. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa tangu 1946, wajumbe wake walikuja kila miaka mitatu kukagua na kusikiliza malalamiko, na TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954, ilisajiliwa kuwa chama cha nchi nzima. Baadhi ya wilaya ilinyimwa usajili wa matawi, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga. Hata hivyo haikulazimishwa kujifungia kwa Wazaramo wala kwa Wahaya. Kwenye uchaguzi wa 1960 ilipata viti 70 kati ya 71.

Nigeria ni funzo la namna nyingine. Iliingia uhuru 1960 ikiwa na majimbo matatu makubwa, kila moja likiwa na kabila kubwa na chama chake. Mwaka 1967 Biafra ikajitenga, vita vikaisha 1970. Walichorekebisha ni hesabu: majimbo yakawa 12 mwaka huo huo wa 1967, na katiba ya 1979 ikamtaka mgombea urais apate angalau robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo. Mtu hawezi tena kushinda kwa kura za kwao peke yake. Sisi tunayo ya aina hiyo na hatuifundishi: Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 hutaka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Chama cha Wamakonde watupu, hata kikiwa na watu milioni, hakipiti mlango huo. Kifungu hicho kimelinda utaifa kuliko mashairi yote ya ghani tunayowafundisha watoto kwa ajili ya maadhimisho.

Kazi nyingine zilifanywa kimyakimya. Oktoba 1961, Bungeni, wapo waliotaka uraia wa nchi mpya ufuate rangi. Nyerere alisema wakiupitisha hivyo yeye na serikali yake watajiuzulu. Sheria ikabaki kwenye mahali pa kuzaliwa: aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja akawa amezaliwa Tanganyika, akawa raia siku ya Desemba 9 bila kuomba. Kwa mkoa wetu kifungu hicho kilikuwa na makali yake. Wamakonde waliovuka mto kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya Lindi na Mikindani, wale walioitwa Wamawia, walizaliwa upande wa Wareno. Hawakuingia moja kwa moja. Mhindi mwenye duka aliyezaliwa Lindi na baba aliyezaliwa Lindi akaingia, Mmakonde mkata mkonge akaambiwa aombe. Taifa halikufuata damu wala ngoma, lilifuata daftari.

Machifu waliondolewa nguvu za kisheria 1963. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake na dini yake. Shule zilizokuwa za misheni na kupata ruzuku zilitwaliwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1969, na mtoto wa Kigoma akapangiwa Ndanda, wa Masasi akapelekwa Tabora. Uhamisho wa watumishi ulichanganya damu kuliko hotuba: hakimu wa Kilimanjaro anapangwa Liwale, anaoa Liwale, anazeeka Liwale. Na utani, ambao hakuna wizara iliyouanzisha, ulikuwa tayari umeweka njia ya kumtukana mtu wa kabila jingine msibani bila kuchomoleana visu.

Kila kifaa hicho kina hitilafu yake, na mwalimu anayezificha anawafundisha watoto propaganda. Sensa isiyouliza kabila huzuia wanasiasa kupiga hesabu za ukoo, lakini huwanyima pia wanaodai kubaguliwa namba za kuthibitisha. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligomea sensa kwa hoja ya kutoulizwa dini. Mfumo wa chama kimoja uliotungiwa sheria 1965 ulizima vyama vya kikabila pamoja na sauti halali. Operesheni ya vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha watu kwa nguvu sehemu nyingi. Huku Mtwara ukusanyaji ulitangulia, kwa kuwa vita vya Msumbiji vilikuwa mtoni na watu wa kandokando ya Ruvuma walihitaji ulinzi. Mzee aliyehamishwa kwa sababu ya mabomu ya Wareno na mzee aliyehamishwa kwa sababu ya agizo la mkoa hawana kumbukumbu moja ya ujamaa. Ukiwahoji, usiwachanganye.

Utamaduni nao una mafundi. Serikali ya Jamhuri ilipoanza Desemba 1962, Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na ngoma za mikoani zikaanza kupandishwa jukwaani Dar es Salaam. Sindimba yetu ikawa ngoma ya taifa zima. Ngoma ambayo nyumbani inakwenda na jando na unyago, ina wakati wake na watu wake, ikakatwa dakika chache za kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Viuno vikazua ubishi wa adabu. Maneno ya Kimakonde yenye mafumbo yakabaki mdundo kwa wasioyaelewa. Mtoto wa Singida anaicheza shuleni kwao na hajui ilitoka wapi. Je, ni hasara au faida? Tumebishana wenyewe kwa wenyewe, hatukubaliani. Kinyago cha ujamaa, ule mnara wa watu waliopandana, kimekuwa sura ya Tanzania kwenye kila duka la watalii, na mikono mingi iliyokichonga ilivuka mto kutoka Mueda. Nembo ya taifa letu ilichongwa na watu ambao daftari la 1961 liliwaambia waombe. Na neno machinga, kwa maelezo yanayosikika zaidi, lilianza kwa vijana wa Kusini waliotembeza bidhaa Dar es Salaam, wakaitwa kwa jina la Wamachinga wa Lindi. Leo Mmasai anayeuza ndala Kariakoo naye ni machinga.

Ng'ambo ya mto mambo yalikwenda vingine, na hapa mwalimu wa Kusini ana maabara ambayo wenzake hawana. Watu ni wale wale. Juni 16, 1960 Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda. FRELIMO, chama cha kuikomboa Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, ikianza vita Septemba 25, 1964 huko Chai, Cabo Delgado, na kambi yake kubwa ya mafunzo ikawa Nachingwea. Kambini walichanganywa vijana wa kila kabila la Msumbiji. Lugha iliyowakutanisha ikawa Kireno, lugha ya adui waliyekuwa wakijifunza kumpiga, kwa kuwa hawakuwa na lugha ya Kiafrika iliyofika kuanzia Ruvuma hadi Maputo. Lazaro Nkavandame, kiongozi mkubwa wa Wamakonde, aligombana na wenzake juu ya nani aendeshe maeneo yaliyokombolewa, akajisalimisha kwa Wareno 1969. Samora Machel wa FRELIMO na wenzake wakashika msimamo kwamba kabila life ili taifa lizaliwe. Uhuru ukaja Juni 25, 1975.

Sisi hatukuua kabila. Tulilinyang'anya ofisi tu: halina chifu mwenye mahakama, halina chama, halina safu kwenye fomu ya sensa, lakini lina ngoma, utani na misiba. Hiyo ni tofauti kubwa, na mtoto wa Newala anaweza kuiona kwa macho akivuka na baba yake Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010. Ndugu yake wa ng'ambo amepitia pia vita vya waasi wa RENAMO hadi mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, na tangu Oktoba 2017 mapigano ya Cabo Delgado. Asiambiwe kwamba wale ni wabaya na sisi ni wema. Aonyeshwe vifaa walivyokuwa navyo.

Tumefika kwenye jambo ambalo wasomaji wa Dar es Salaam hulisoma kama uasi kila likitajwa: madai ya Kusini. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, ukatupwa 1951, ukatuachia bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea. Reli ikafungwa 1962, mwaka wa kwanza wa uhuru, vyuma vikang'olewa. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003, yaani kwa miaka zaidi ya arobaini taifa lililokuwa huru lilitufikia kwa pantoni, na masika likatufikia kwa shida. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Januari na Mei 2013, mpango wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam ulipopamba moto, Mtwara na Masasi ziliona maandamano na vurugu, na watu walikufa. Wapo walioandika kwamba ule ulikuwa ukabila.

Tuyapime madai yenyewe. Hakuna aliyedai gesi ya Wamakonde. Waliosimama barabarani walikuwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine kabisa. Walidai viwanda vijengwe bandari ilipo, wakihoji kwa nini mali inayotoka mkoani mwao iondoke ghafi kama korosho zinavyoondoka. Mtu anayedai fungu lake kwenye mali ya taifa ameshakubali kwamba ni mwanafamilia. Mgeni hadai urithi. Waliochoma nyumba na ofisi walifanya kosa la jinai, na hilo halibadilishi hoja. Mkulima wa Tandahimba hukutana na taifa kwenye mizani ya chama cha msingi, siku anapopewa stakabadhi ya ghala na kusubiri mnada. Msimu wa 2018 serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, taifa lilikuja na gwanda mpaka ghalani. Wiki zile maswali ya uraia darasani yalikuwa mazito kuliko yale ya Desemba 9.

Basi tunapendekeza lifundishwe hivi. Darasa la wanafunzi 40 ligawanywe vikundi kumi vya wanne wanne, kila kikundi kipate mzee mmoja aliyezaliwa kabla ya 1955. Wasiende na swali la "uzalendo ni nini", kwa kuwa mzee akilisikia neno hilo hunyoosha mgongo na kutoa hotuba ya mkutano wa hadhara. Waulize vitu vya kushikika: kodi alilipa wapi na kwa nani, kadi ya TANU aliiona mara ya kwanza kwa nani, lini alisikia redio, alihamia kijiji cha sasa mwaka gani na kwa amri ya nani, nani katika ukoo wake yuko ng'ambo, na walikutana mara ya mwisho lini. Maswali yasizidi kumi na mawili, maana baada ya saa moja mzee anachoka na majibu yanafupika.

Tarehe ndizo huharibika kwanza. Mzee hupima kwa matukio, na matukio yaliyo jirani huungana. "Wakati wa Mjerumani" mara nyingi humaanisha Mwingereza, kwa kuwa boma lilikuwa lile lile. Kikundi kibebe orodha fupi ya nguzo: reli kufungwa 1962, Muungano Aprili 26, 1964, Azimio la Arusha Februari 1967, uhuru wa Msumbiji 1975, vita vya Kagera 1978. Kisha waulize, kabla au baada? Kosa la pili ni la wanafunzi wenyewe: hurekebisha maneno ya mzee yafanane na kitabu. Mzee akisema babu yake alijificha msituni vita vya Maji Maji vilipopita, wao huandika "alipigana kishujaa". Mwalimu adai maneno yaandikwe yalivyosemwa, kwa Kimakonde au Kimwera ikibidi, na tafsiri iwekwe safu ya pembeni. Kazi nzima inakula vipindi sita. Vinapatikana kwa kupunguza ukariri wa orodha za mawaziri.

Ramani ya kitabu nayo irekebishwe. Ruvuma huchorwa kama ukingo wa karatasi, chini yake kukawa kweupe, kana kwamba dunia inaishia hapo. Ichorwe na ng'ambo: Mueda, Palma, Kionga, Mocímboa da Praia, ili mtoto aone mdogo wake bibi anakaa wapi.

Na kwa watunga mitihani, tunaomba swali moja tu, litungwe kama lilivyo hapa: "Watu wa ukoo mmoja wanaoishi kingo mbili za Mto Ruvuma ni raia wa mataifa mawili. Eleza, kwa kutaja sheria, lugha na matukio, jinsi hali hiyo ilivyotokea kati ya 1886 na 1975. Alama 20."

Ni sisi,
Walimu wa historia na uraia,
Masasi, Mtwara